Krismasi kwenye theluji ya Tirol au nyumbani Marangu: hoja yangu ni kwamba tumeichagua wiki isiyofaa

Mleta uzi

Wanajamvi, heshima kwenu nyote. Kila ifikapo Oktoba, katika kaya nyingi za Watanzania na Wakenya tunaoishi kusini mwa Ujerumani, Austria na Uswisi, huzuka mjadala uleule: Desemba twende nyumbani, au tukodi nyumba milimani pamoja na wakwe, shemeji na watoto, tusherehekee Krismasi kwenye theluji? Kwangu mwaka huu umezuka mapema zaidi, kwa kuwa wakwe zangu, ambao ni wenyeji wa Bavaria, wamekwisha kulipa arubuni ya nyumba huko Tirol, jimbo la milimani la Austria, na mama yangu aliyeko Marangu amekwisha kuuliza kama mbuzi anunuliwe sasa wakati bei ni nzuri au tusubiri. Siandiki ili kuwahukumu wanaokwenda kuteleza kwenye theluji. Mimi mwenyewe ninaupenda mchezo huo, na watoto wangu wanauweza kuliko mimi. Ninaandika kwa sababu mjadala huu huendeshwa kana kwamba ni kesi kati ya utamaduni wa Kizungu na utamaduni wa Kiafrika, wakati ukiutazama vizuri ni suala la kalenda. Theluji ya milima ya Alpi hukaa kuanzia Desemba hadi Aprili, ilhali mkusanyiko wa nyumbani una wiki moja tu kwa mwaka, na sisi tunaitoa wiki hiyo moja kwa kitu ambacho kingetusubiri bila kinyongo.

Nianze na upande wa milimani, maana wengi wetu tunaambiwa kwamba Krismasi ya huko ni desturi ya tangu enzi. Si hivyo. Hadi katikati ya karne ya 19, wageni walifika Alpi wakati wa kiangazi tu, na majira ya baridi wanakijiji walibaki ndani na mifugo yao wakila walichohifadhi. Huko St. Moritz, Uswisi, husimuliwa kwamba mwaka 1864 mwenye hoteli Johannes Badrutt aliwawekea dau wageni wake wanne Waingereza: warudi wakati wa baridi, na wasipolipata jua na raha aliyowaahidi, yeye atawalipia gharama za safari. Inasemekana walifika karibu na Krismasi wakakaa hadi Pasaka. Wenye hoteli wanajua kupamba hadithi, na hii imepambwa vya kutosha, lakini ndiyo ambayo wenyewe huihesabu kuwa mwanzo wa utalii wa majira ya baridi.

Mbao za skii, zile zinazofungwa miguuni ili kuteleza kwenye theluji, zilikuja baadaye, kutoka Norwe. Franz Reisch aliteremka nazo mlima wa Kitzbüheler Horn huko Tirol mwaka 1893. Mwaka uliofuata mwandishi Arthur Conan Doyle, aliyekuwa akiishi Davos, Uswisi, kwa ajili ya afya ya mkewe, alivuka nazo mlima hadi Arosa. Klabu ya skii ya Arlberg, Austria, ikaundwa mwaka 1901. Mwingereza Henry Lunn akaanza kuwaleta wenzake kwa safari za vikundi, na mwanawe Arnold akaandaa mashindano ya slalomu, yaani ya kuteremka kwa kupinda kati ya vijiti, huko Mürren, Uswisi, mwaka 1922. Ilipowekwa lifti ya kuwavuta watu kupanda mlima huko Davos mwaka 1934, mchezo ukaacha kuwa wa wenye mapafu imara peke yao. Ninachotaka mkione ni kwamba wale wa mwanzo walikuwa wageni wenye nafasi ya kukaa wiki nyingi, na kama theluji ilichelewa, waliisubiri. Sisi tuna siku saba, kuanzia Jumamosi hadi Jumamosi kwa sababu ndivyo nyumba nyingi zinavyopangishwa katika msimu wa kilele, na theluji isipoanguka ndani ya siku hizo, tumekula hasara.

Na mara nyingi haianguki kama tulivyoiona kwenye kalenda za ukutani. Milimani kwenye mwinuko mkubwa, kina cha theluji hufikia kilele chake mwezi Machi au Aprili. Mwishoni mwa Desemba ndiyo kwanza inaanza kurundikana. Mji wa Kitzbühel uko kwenye mwinuko wa mita 760 hivi kutoka usawa wa bahari, na hapo Krismasi ya mvua si ajabu hata kidogo. Mnakumbuka mwanzo wa mwaka 2023, Ulaya ilipopata joto lisilo la kawaida: mashindano ya Kombe la Dunia la skii huko Adelboden, Uswisi, yalifanyika mwezi Januari juu ya utepe mmoja wa theluji bandia huku pande zote mbili majani yakiwa wazi, na vituo kadhaa vya chini vikalazimika kusimamisha lifti. Utafiti wa kisayansi uliochapishwa mwaka huohuo ulivipima vituo 2,234 katika nchi 28 za Ulaya, ukakuta kwamba joto la dunia likipanda kwa nyuzi 2, asilimia 53 ya vituo hivyo vitakuwa katika hatari kubwa sana ya kukosa theluji bila msaada wa mashine za kutengeneza theluji, na likipanda kwa nyuzi 4 ni asilimia 98. Mashine zenyewe zinahitaji baridi kali na maji mengi yaliyohifadhiwa kwenye mabwawa, kwa hiyo katika Desemba yenye joto hazina la kufanya.

Ongeza juu yake kwamba hizo ndizo siku fupi kuliko zote mwakani. Lifti nyingi husimama saa kumi alasiri, na miteremko inayotazama kaskazini, ambayo ndiyo yenye theluji nzuri, huwa kivulini karibu siku nzima. Watu ni wengi, foleni ni ndefu, barabara ya Fernpass na ile ya Brenner hujaa magari kila Jumamosi ya kubadilishana wageni. Bei nazo ni za juu kuliko majuma mengi ya msimu: katika eneo kubwa kama Arlberg, tiketi ya lifti ya mtu mzima kwa siku moja sasa imepita euro 70, na hapo hujakodi mbao, viatu wala mwalimu wa watoto. Watu wazima wawili kwa siku 6, hata kwa punguzo la tiketi ya siku nyingi, hawapungui euro 700. Ninajua kwamba nauli ya ndege kwenda KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, mwezi Desemba nayo inauma, tena inauma zaidi kwa familia ya watu wanne. Sitetei kwamba nyumbani ni rahisi. Ninasema tu kwamba fedha hii ya milimani tunainunulia bidhaa iliyo duni kwa bei ya bidhaa bora, na wiki nne baadaye bidhaa bora ipo palepale kwa bei ndogo.

Sasa nyumbani. Wasio Wachagga hututania kwamba kila Desemba tunakwenda Moshi kuhesabiwa, na sisi wenyewe tumeukubali utani huo kwa kuwa una ukweli ndani yake. Mabasi ya kutoka Dar es Salaam hujaa, treni ya Dar hadi Moshi iliyorudishwa Desemba 2019 baada ya kusimama kwa miaka mingi nayo hujaa, na kwa siku chache vijiji vya Rombo, Marangu, Kibosho na Machame huwa na watu ambao mwaka mzima havikuwa nao. Watu wa mbali hudhani tunakwenda kunywa mbege, pombe yetu ya ndizi, na kula kisusio, mchuzi wa damu ya mbuzi, tu. Kwa kweli hicho ni kikao cha mwaka cha ukoo. Mipaka ya kihamba, yaani shamba la ukoo, huonyeshwa kwa vijana, mchumba hutambulishwa, ugomvi wa ndugu waliokuwa hawasemezani huletwa mbele ya wazee, watoto huonyeshwa makaburi ya waliowatangulia na kuambiwa huyu alikuwa nani kwako. Hayo yote yanahitaji watu wawe mahali pamoja kwa wakati mmoja. Nikienda Marangu mwezi Machi nitamkuta mama, kuku na shamba. Kaka yangu atakuwa Mwanza, dada zangu watakuwa Dar, na binamu ambao wanangu wanapaswa kuwafahamu watakuwa shuleni. Mlima utakuwepo, mkusanyiko hautakuwepo.

Kuna wanaosema theluji si mambo yetu, na hoja hiyo siiungi mkono. Sisi tumekua tukiitazama Kibo, kilele cha Kilimanjaro chenye theluji. Mjerumani Hans Meyer alipofika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889, mwenzake Ludwig Purtscheller alikuwa mzaliwa wa Innsbruck, hukohuko Tirol tunakoalikwa. Na mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipanda Kibo wakiwa na mbao za skii na kuteremka nazo, na barafu iliyo karibu na kilele inaitwa kwa jina la huyo Furtwängler hadi leo, ingawa imebaki kipande kidogo. Philip Boit wa Kenya alishindana katika mbio za skii za kilomita 10 huko Nagano mwaka 1998, akafika wa mwisho, na bingwa Bjørn Dæhlie akamsubiri mstarini ampongeze. Sabrina Simader, aliyezaliwa Kilifi na kulelewa Austria, aliiwakilisha Kenya katika michezo ya PyeongChang mwaka 2018. Kwa hiyo tatizo langu si skii. Tatizo langu ni tarehe 24.

Karibuni kwa hoja. Ningependa hasa kuwasikia waliowahi kufanya yote mawili.

Mchangiaji, Innsbruck

Kaka mleta uzi, umeandika vizuri, ila umeandika kama mtu mwenye likizo. Mimi ni muuguzi. Zamu za Desemba hupangwa mapema, na mgeni asiye na watoto wadogo ndiye hupewa tarehe 24 na 25 ili wenzake wakae na familia zao. Nikibahatika, ninapata siku nne kati ya Krismasi na Mwaka Mpya. Toa siku moja ya kwenda na moja ya kurudi, nyumbani ninabakiwa na siku mbili, tena nikiwa na usingizi. Katika hali hiyo, kupanda basi la nusu saa na mume wangu na kwenda kuteleza ni busara, wala simuibii mtu.

La pili nitalisema kwa heshima, ingawa najua litawaudhi baadhi yenu. Ulipokitaja kikao cha ukoo umeacha ajenda yake kuu, nayo ni fedha. Anayetoka Ulaya haketi kwenye kikao hicho kama mjumbe, anaketi kama mfadhili. Kila anayekuja kunisalimia asubuhi ana ada ya mtoto, ana bati la nyumba, ana deni la hospitali, na mengi ya mahitaji hayo ni ya kweli, jambo ambalo ndilo linalofanya iwe vigumu kukataa. Mwaka niliokwenda na akiba ya miezi yote, nilirudi nikiwa nimekopa. Milimani hakuna anayenifahamu. Ninalipa tiketi yangu, ninaanguka, ninainuka, ninakunywa supu, ninarudi nyumbani. Usiidharau raha ya kutofahamika.

Mchangiaji, Graz

Ninaunga mkono hoja ya dada wa Innsbruck kuhusu zamu, lakini ninataka kuileta picha ya upande wa jikoni, kwa maana niliwahi kufanya kazi misimu kadhaa katika hoteli ya bonde moja la Tirol, na jina lake halina umuhimu.

Wageni husema wanakuja kusherehekea Krismasi kwa utulivu, na kwao ni kweli. Jioni ya tarehe 24, ambayo kwa Waaustria ndiyo sikukuu yenyewe, maduka huwa yamefungwa tangu mchana, mti huwashwa, zawadi huletwa na mtoto Yesu wala si Baba Krismasi, na chakula cha majumbani mara nyingi ni chepesi. Katika familia nyingi za Kijerumani ni soseji na saladi ya viazi, kitu ambacho Mchagga akiandaliwa siku hiyo atadhani mwenyeji amekasirika. Hotelini mambo ni mengine: ni mlo wa hatua tano au sita, na sisi jikoni tulikula yetu saa kumi jioni tukiwa tumesimama. Wenzangu wengi walitoka Hungaria, Slovakia na nchi za Balkani. Kila mmoja alikuwa na mama aliyemkosa usiku ule ili familia nyingine zikae pamoja bila mtu kuosha sufuria. Sisemi hivyo ili watu waone aibu, maana tulilipwa. Ninasema kwa sababu watu huilinganisha Krismasi ya nyumbani na kazi zake zote na Krismasi ya hotelini ambayo kazi zake zimefichwa nyuma ya mlango, kisha wanasema hii ya pili ina amani zaidi.

Desemba 2020 ilituonyesha jambo jingine. Kwa sababu ya korona, Ujerumani, Ufaransa na Italia zilitaka lifti zifungwe wakati wa sikukuu. Uswisi ikaendelea, na Austria ikafungua lifti tarehe 24 Desemba huku hoteli zikiwa zimefungwa kwa watalii. Kwa mara ya kwanza wenyeji waliteleza katika wiki ya Krismasi bila foleni. Mzee mmoja wa kijijini aliniambia hakuwa amefanya hivyo tangu ujana wake, kwa sababu wiki hiyo kila mwaka alikuwa akiendesha basi la wageni. Kwa hiyo, mleta uzi, mtu akikuambia kwamba wenyeji wanasherehekea Krismasi yao milimani, ongeza kwamba wengi wao huisherehekea wakiwa kazini.

Mchangiaji, Zürich

Naomba niingize jambo la bima, kwa sababu wageni kutoka nyumbani huja huku kutembelea ndugu na kupelekwa mlimani siku ya pili.

Mwishoni mwa Desemba 2013, ndani ya siku chache, yalitokea mambo mawili ambayo Ulaya nzima iliyazungumzia. Michael Schumacher, dereva wa magari ya mashindano, aligonga mwamba tarehe 29 huko Méribel, Ufaransa, nje kidogo ya njia zilizowekwa alama, akaumia vibaya kichwani ingawa alikuwa amevaa helmeti. Angela Merkel, aliyekuwa Kansela wa Ujerumani, naye alianguka katika likizo yake ya Krismasi eneo la Engadin, Uswisi, akapata ufa kwenye nyonga, na yeye hakuwa hata kwenye mteremko mkali, alikuwa akitembea kwa skii za tambarare. Mmoja alikuwa mwanaspoti hodari kupindukia, mwingine mtu mwangalifu kupindukia.

Mgeni anayekuja kwa viza ya Schengen anatakiwa awe na bima ya afya isiyopungua euro 30,000, na watu hudhani hiyo inatosha. Someni masharti yake. Bima nyingi za bei nafuu haziihusishi michezo ya baridi, na helikopta ya uokoaji huweza kugharimu maelfu ya euro ambazo hata bima ya kawaida ya mkazi mara nyingi hailipi, ndiyo maana wenyeji hujiunga na vyama vya wapanda milima au huchangia shirika la uokoaji wa anga. Italia tangu Januari 2022 inamlazimisha kila mtelezaji awe na bima ya madhara anayoweza kumsababishia mtu mwingine. Rangi za njia nazo zifahamike kabla ya kupanda lifti: buluu ni rahisi, nyekundu ni ya kati, nyeusi ni ngumu, na Ufaransa wana kijani kwa wanaoanza. Aliye mbele yako ana haki, kwa kuwa hakuoni. Wewe wa nyuma ndiye wa kumkwepa. Na katika wiki ya Krismasi njia za buluu ndizo hatari zaidi kwa maoni yangu, maana ndipo wote wanaoanza hukutana na wote wanaojionyesha.

Mchangiaji, Moshi

Wanangu, nimewasoma wote. Mimi ni mmoja wa hao wazee wanaohesabu.

Mleta uzi ametupamba mno. Kikao anachokieleza nilikifahamu nikiwa kijana. Siku hizi wengi hufika tarehe 23 usiku, hulala hadi mchana, huonekana kanisani tarehe 25, kisha hushuka mjini kwenye baa za Moshi hadi tarehe 27 wanapoondoka. Mbuzi tunachinja na tunakula, lakini nimeshuhudia miaka ambayo suala la mipaka halikuzungumzwa kwa sababu aliyehusika alikuwa mjini na simu yake imezimwa. Kwa hiyo msimfanye yule dada wa Innsbruck ajione msaliti kwa kitu ambacho hata waliopo hawakifanyi.

Lakini kuna jambo ninalotaka mlisikie. Kinachotuumiza sisi si mtu kutokuja. Kinachotuumiza ni kuambiwa tarehe 20 Desemba kwamba hatakuja, wakati yeye alilipa arubuni ya hiyo nyumba ya theluji tangu Agosti. Kitanda kimetandikwa, mbuzi amenunuliwa, mke wa kaka yake ameshaacha kwenda kwao ili awapokee wageni. Semeni mapema, tutapanga. Na kuhusu fedha, binti yangu, umesema kweli. Ukija, njoo na kiasi ulichokipanga, mkabidhi mtu mmoja mzima wa ukoo mbele ya wengine, na anayekuja na lake umwelekeze kwake. Wapo wanaofanya hivyo na wanarudi Ulaya wakiwa na nauli.

Mleta uzi

Mzee, shikamoo, na ahsante kwa kunirekebisha. Nimekubali kwamba niliueleza mkusanyiko kama unavyopaswa kuwa. Hata hivyo ninadhani maelezo yako yanaisogeza hoja yangu mbele badala ya kuirudisha nyuma: kama muda wa kukutana umepungua hadi siku tatu au nne, basi kila siku moja kati ya hizo imekuwa adimu zaidi, na theluji ya Alpi haijawa adimu kiasi hicho kwa mwezi Machi.

Dada wa Innsbruck, mwenye siku nne sina hoja naye. Hoja yangu inawahusu wenye wiki mbili, na hao ni wengi, kwa sababu shule za Bavaria hufungwa takriban wiki mbili kuanzia kabla ya Krismasi hadi baada ya tarehe 6 Januari. Wao ndio wanaoweza kwenda Moshi na kurudi. Ulichokisema kuhusu kutofahamika nimekifikiria sana. Ni kweli kwamba kuna pumziko ambalo ndugu hawawezi kukupa. Lakini hilo pumziko halina tarehe, linapatikana hata wikiendi ya kawaida ya Februari.

Kuna waliouliza kwa ujumbe wa faragha kwa nini nisimlete mama Tirol ili pande zote mbili zikutane. Nililifikiria. Mbali na viza na bima, mama ana watu wasiopungua ishirini wanaokwenda kwake siku hiyo, na nikimwondoa yeye nimeuondoa mkusanyiko wao wote kwa ajili ya wangu mmoja. Mwenyewe aliponisikia aliuliza swali moja tu: akija huko, wale wengine watahesabiwa na nani?

Nimezungumza na wakwe zangu wikiendi hii, kwa hiyo niwape mnachoweza kukijaribu. Sikuwaambia kwamba Krismasi yetu ni bora kuliko yao, kwa maana nao wanamtaka mtoto wao na wajukuu wao mezani usiku wa tarehe 24, na dai lao lina uzito uleule wa dai la mama yangu. Nilichowawekea mezani ni kumbukumbu za theluji za eneo lenyewe, ambazo vituo vingi huzichapisha, pamoja na bei za nyumba ileile kwa wiki ya Krismasi na kwa wiki za katikati ya Januari na Machi. Baba mkwe, ambaye ni mtu wa hesabu, alizisoma kwa muda mrefu. Tumeelewana hivi: mwaka huu, kwa kuwa arubuni imekwisha kulipwa na hairudishwi, mke wangu na watoto watakaa na wazazi wake hadi asubuhi ya tarehe 26, ambayo huku ni sikukuu pia, kisha watapanda ndege kunifuata, nami nitakuwa nimetangulia Marangu tangu tarehe 22. Kuanzia mwakani nyumba ya Tirol itakodiwa wakati mwingine. Wanangu wawili wakubwa wako shuleni, kwa hiyo tutatumia likizo ya wiki moja ya Februari ambayo Bavaria hutoa. Ni ghali nayo, lakini theluji ipo na jua linachelewa kutua. Wenye watoto ambao hawajaanza shule wana bahati kubwa zaidi, wachague wiki ya pili au ya tatu ya Januari, pale ambapo wageni wa sikukuu wameondoka na wa Februari hawajafika.

Kwa aliyeuliza afanye nini kama hana budi kwenda wiki ya Krismasi, aangalie mwinuko kabla ya kuangalia picha za hoteli. Obergurgl ya Austria iko mita 1,930 hivi, Val Thorens ya Ufaransa mita 2,300, na Zermatt ya Uswisi ina barafu ya juu ambako watu huteleza hata kiangazi. Huko uwezekano wa kukuta theluji ni mkubwa, ingawa bei nazo zimepanda mlima pamoja na mwinuko. Na kama una ndugu wanaokusubiri, fuata alichosema mzee: piga simu siku unayolipa arubuni.

Mchangiaji, Innsbruck

Kaka, hilo la kumkabidhi fedha mtu mzima mmoja nitalijaribu. Zamu za mwaka huu zimeshatoka, nina tarehe 24 hadi 26 kazini. Nimeomba likizo ya Pasaka badala yake. Mzee, shikamoo, je, wakati wa Pasaka huwa kuna watu?

Mchangiaji, Moshi

Marahaba binti yangu. Si wengi kama Desemba, lakini wapo, na baa hazijai. Andika tarehe yako hapa mapema niwaambie wa kwenu Kibosho, kama ndiko kwenu.